Maganda ya alizeti: mvuke sawa, umeme ngojeni kwanza

SWALI: Habari za kazi. Tuna kinu cha alizeti Kibaigwa. Tunakoboa kabla ya kukamua, na kila siku yanabaki maganda kilo 1,500 hivi. Kazi ni saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi 5 baada ya mavuno. Mota zinakula kilowati 120, na mbegu tunazipika kwa boila ya kuni. Fundi anatushauri tuweke boila ya maganda na tabaini (mtambo unaozungushwa na mvuke kuzalisha umeme), tupate mvuke na umeme kwa pamoja. Italipa?

JIBU: Umeme hautalipa. Kilo moja ya maganda makavu ina takriban megajuli 17. Boila ndogo ikinasa asilimia 70 ya joto hilo, tani moja ya mvuke wa shinikizo la bar 10 inahitaji maganda kilo 220 hivi. Yenu yanatosha kilo 680 za mvuke kwa saa. Ukipita kwenye tabaini ndogo na kutoka na bar 3 za kupikia mbegu, mnapata kilowati 15. Kati ya 120! Tena feni na pampu ya boila vinakula humo humo. Kwa saa zenu 1,300, ni uniti 20,000 kwa mwaka. Mitambo ya aina hii huanza kufikiriwa joto likitumika saa 4,000 na zaidi kwa mwaka.

Na hizo 15 ni kama mvuke wote una kazi. Fungeni mita ya maji kwenye bomba la kulishia boila mliyonayo, muisome kila saa kwa wiki mbili za msimu. Mkikuta mnatumia kilo 300 tu za mvuke kwa saa, umeme ni kilowati 7 hivi. Tozo ya kVA, ile inayofuata kilele cha matumizi yenu ya umeme katika mwezi, nayo msiihesabu kama akiba: tabaini ikizima nusu saa mashine zote zikizunguka, kilele hicho ndicho kinachoingia kwenye ankara ya mwezi.

Boila ya maganda peke yake, kuchukua nafasi ya kuni, hiyo ichunguzeni. Maji ya visima vya huku yana chumvi nyingi. Bila chombo cha kuyalainisha, ukoko unaganda kwenye mirija, chuma kinazidiwa na moto, mrija unapasuka. Majivu ya alizeti yana potasiamu nyingi, huyeyuka na kunata, kwa hiyo mirija ipigwe brashi mara kwa mara. Maganda ni mepesi: kilo 1,500 ni kama meta za ujazo 15, yanahitaji banda lililozibwa upepo, mbali na cheche. Wakaguzi wa OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) waione boila kabla haijawashwa.

Fundi akishikilia tabaini, aandike kilowati anazodhamini kwa kilo 300 za mvuke kwa saa, kisha atie sahihi.