Hata Usipomeza Moshi: Ushauri kwa Mpenzi wa Siga

Swali ambalo wavutaji wapya wa siga, ile tumbaku nene iliyosokotwa kwa majani yake yenyewe, huniuliza mara kwa mara ni kama ni kweli kwamba siga haidhuru sana kwa kuwa moshi wake haumezwi, yaani hauvutwi hadi mapafuni. Huwa nawajibu kwamba si kweli, nami nasema hivyo nikiwa mtu aliyevuta siga kwa miaka mingi na ambaye bado huiwasha mara chache. Sitajifanya kusema kwamba raha yake ni ya uongo, kwa sababu haiko hivyo. Ninachotaka kueleza ni kwamba kile kile kinachoipendezesha siga, yaani moshi mzito unaozungushwa kinywani kwa muda mrefu, ndicho hasa kinachouumiza mwili.

Tuanze na raha yenyewe. Siga iliyosokotwa kwa mkono ni tumbaku tupu, haina karatasi wala kichungi. Ndani yake mna majani ya kujazia, yakafungwa kwa jani gumu, kisha juu likazungushiwa jani laini lililochaguliwa kwa uzuri wake. Majani ya kujazia huchanganywa kwa kufuata mahali yalipoota kwenye mche: ya chini huwaka kwa urahisi, ya katikati hutoa harufu, na ya juu kabisa, yaliyopigwa na jua zaidi, huwa makali na huwaka polepole, ndiyo maana msokotaji huyaweka ndani kabisa ya siga. Kabla ya hapo majani huwa yameanikwa kivulini yakakauka, yakarundikwa na kuvundikwa hadi yakapata joto na kutoa ile harufu kali ya amonia, na kazi hiyo hudumu kwa miezi mingi, wakati mwingine kwa miaka. Tena tumbaku ya Vuelta Abajo huko Kuba haifanani na ya Estelí huko Nikaragua, na jani la nje kutoka Kameruni lina ladha yake ambayo mvutaji mzoefu huitambua mapema. (Katika viwanda vya Kuba, tangu mwaka 1865, wasokotaji wamekuwa na msomaji wa kuwasomea magazeti na riwaya wakiwa kazini, jambo ambalo kwangu mimi linavutia kuliko siga yenyewe.)

Kuvuta nako kuna adabu zake. Ncha ya kichwa, yaani upande unaoingia mdomoni, hukatwa kidogo tu, kwa kisu kikali, kwa maana ukikata sana jani la nje hufunguka na vipande vya tumbaku hukujaa kwenye ulimi. Mguu wa siga, yaani upande wa kuwashia, huchomwa taratibu huku ukizungushwa, moto ukiwa mbali kidogo, mpaka ukingo wote ushike sawasawa. Kiberiti cha petroli hakifai, kwa kuwa harufu yake huingia kwenye tumbaku. Baada ya hapo mvuto mmoja kwa dakika hutosha. Ukivuta kwa haraka siga hupata moto, moshi huwa mchungu, na kinywa huungua, ilhali ukitulia majivu ya kijivu hujijenga taratibu na kukaa bila kuanguka kwa urefu wa pingili ya kidole. Siga huhifadhiwa kwenye kisanduku cha mbao chenye unyevunyevu wa takriban asilimia 65 hadi 70, na ukiibonyeza kidogo karibu na sikio ukasikia inaalika, ujue imekauka.

Utulivu huo ndio watu wengi wanaoutafuta: saa nzima ya kukaa mahali pamoja na kuzungumza bila haraka. Nakiri ni saa nzuri. Hata hivyo, ni saa nzima ya kukaa na moshi mdomoni.

Moshi wa sigara ya kawaida una asidi kidogo, hivyo nikotini yake haipenyi vizuri kwenye utando wa kinywa na mvutaji hulazimika kuumeza. Moshi wa siga, kwa sababu ya namna majani yalivyokaushwa na kuvundikwa, una hali ya alkali, yaani kinyume cha asidi, na nikotini yake hupita moja kwa moja kwenye mashavu na ulimi hadi kwenye damu. Mtu anayejigamba kwamba hamezi moshi bado anaipata nikotini, na bado anaweza kuwa mraibu. Kuvundikwa huko huko kunakoleta ladha huongeza nitrosamini, ambazo ni kemikali zinazosababisha saratani, na kwa kuwa jani la nje halipitishi hewa kama karatasi ya sigara, tumbaku huungua kwa shida na kutoa gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi nyingi zaidi. Tena kiasi chenyewe si kidogo: sigara ya kawaida ina tumbaku isiyofika gramu moja, lakini siga kubwa inaweza kuwa na gramu 5 hadi 20, yaani siga moja inaweza kubeba tumbaku ya pakiti nzima.

Magonjwa yanayofuata ni saratani ya kinywa, ya koo, ya zoloto (kisanduku cha sauti) na ya umio (njia ya chakula), pamoja na ugonjwa wa fizi na kung'oka kwa meno. Anayemeza moshi huongeza hatari ya saratani ya mapafu, ugonjwa sugu wa mapafu na maradhi ya moyo. Historia ina mifano inayojulikana. Ulysses S. Grant, jenerali aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipelekewa siga kwa wingi na wananchi baada ya ushindi wake wa vita vya Fort Donelson mwaka 1862, na mwaka 1885 alifariki kwa saratani ya koo. Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, aligunduliwa kuwa na saratani ya kinywa mwaka 1923, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30 kabla ya kufariki mwaka 1939, na bado aliendelea kuvuta. Huyu wa pili ndiye hunifikirisha zaidi, kwa kuwa alikuwa daktari na alijua vizuri kilichokuwa kikimtafuna.

Basi ushauri wangu ni huu. Kama hujaanza, usianze, kwani hakuna kiasi cha tumbaku ambacho ni salama. Kama umeacha sigara, usijiliwaze kwa siga, maana mwili uliozoea kumeza moshi utaumeza tu, hata wa siga, tena bila wewe kujitambua. Kama unavuta, kinachopaswa kukutia hofu ni mazoea ya kila siku, kwa sababu hata siga moja au mbili kwa siku bila kumeza moshi huongeza hatari ya saratani ya kinywa na ya umio. Usiivute na pombe, ingawa najua wengi huona viwili hivyo haviachani. Kwa upande wa saratani ya kinywa na koo, madhara ya vitu hivyo viwili vikiwa pamoja huzidi jumla ya madhara ya kila kimoja kikiwa peke yake. Usiivute ukiwa na njaa pia, kwani nimewaona watu wazima wakitokwa na jasho baridi, wakijishika ukutani na kutapika kwa sababu ya nikotini. Wala usiwashe ndani ya nyumba wanamoishi wengine: siga huwaka muda mrefu na kuujaza moshi chumba kizima, na walio karibu hawakuchagua kuuvuta.

Jambo la mwisho ni la kinywa. Mara kwa mara simama mbele ya kioo penye mwanga, inua ulimi, vuta mashavu kwa kidole na utazame hadi nyuma. Doa jeupe au jekundu lisilofutika, kidonda ambacho hakijapona baada ya wiki mbili, uvimbe shingoni, sauti iliyokwaruza kwa wiki tatu au shida ya kumeza ni sababu ya kumwona daktari bila kusubiri ipite yenyewe. Na unapokwenda kwa daktari wa meno akakuuliza kama unavuta sigara, usijibu hapana kwa kisingizio kwamba yako ni siga. Mwambie unavuta nini na mara ngapi, ili ajue mahali pa kutazama.