Tanki ya esanse (petroli) kwenye bato ya mbao ya zamani: iwekwe wapi, itengenezwe na nini?

SWALI: Fundi jambo. Niko Bukavu. Marehemu baba mkubwa alituachia bato ya mbao ya akaju, mita 6, ya wakati mji ulikuwa bado unaitwa Costermansville. Motere ya esanse iko katikati ndani ya sanduku, inakunywa kama lita 14 kwa saa nikienda kilomita 20 kwa saa. Tanki ya zamani ilikuwa mbele kabisa kwenye pua, imeoza na kutu. Nataka niweke mbili za lita 60 chini ya viti vya nyuma, moja kushoto moja kuume, niziunganishe na tiyo kwa chini ili zishuke pamoja. Suderi mmoja, fundi wa kuchoma chuma, anasema atanitolea zote mbili kwenye pipa la zamani. Iko sawa? Nataka nifike Goma bila kuomba esanse njiani.

JIBU: Jambo ndugu yangu, na pole kwa baba mkubwa. Asante kwa kuuliza mbele ya kukata mbao, wengi wananiitaga wakati tundu limeshatobolewa. Nakwambia wazi: zile tanki mbili za nyuma achana nazo, na hiyo tiyo ya chini njo inaniogopesha zaidi.

Tuanze na uzito. Lita moja ya esanse ni kama gramu 740, kwa hiyo lita 120 zako ni karibu kilo 90, bila kuhesabu tanki yenyewe. Ni kama umekalisha mtu mzima kwenye kiti cha nyuma, halafu huyo mtu anapunguka kidogo kidogo njia nzima. Ukitoka Bukavu mkia umezama, pua iko juu, huoni mbele, na motere inakunywa zaidi juu bato inasukuma maji na tumbo. Ukikaribia Goma mkia umeinuka, pua imeshuka, na kama upepo umeamka njo wakati wimbi linaanza kuingia mbele. Ile tanki ya kwenye pua ilikuwa na shida hiyo hiyo, kwa kinyume tu. Tanki inatakiwa ikae fasi ambayo bato haitasikia tofauti ikijaa ao ikiisha.

Na hiyo fasi huhitaji kuikisia, unaweza kuipata kwa mikono yako. Asubuhi ziwa likiwa limetulia, funga bato, weka ndani kila kitu inabebaga, motere, bateri, nanga, kamba, weye mwenyewe ubaki inje. Piga alama ya choki pale maji yanafika, moja mbele, moja nyuma. Sasa chukua bidoni za lita 20, jaza maji nne na nusu, hizo ni kilo 90, uzito ule ule wa esanse yako. Zipange mbele ya sanduku la motere katikati ya bato, shuka, upime na rula imezama senti ngapi mbele na ngapi nyuma. Kama nyuma imezama kuliko mbele, sogeza bidoni mbele senti 20, upime tena. Pua ndiyo imezama zaidi, rudisha nyuma. Pale mbele na nyuma zinashuka sawasawa, njo hapo katikati ya tanki itakaa. Kwenye bato nyingi za namna hii hiyo fasi inaangukia nyuma kidogo ya nusu ya urefu, maana yake karibu na motere yako, basi tanki ikae mbele ya sanduku, karibu vile inawezekana, lakini na ukuta wa mbao uliozibwa kabisa katikati yao. Hewa ya fasi ya tanki isichanganyike na hewa ya motere.

Sasa ile tiyo ya chini. Watu wawili wakikaa kuume, bato inainama kuume, esanse yote inakimbilia kuume, bato inazidi kuinama. Hata tanki moja ikiwa pana sana inafanya vile, na hesabu yake ni kali: kwa urefu ule ule, upana ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mafuta kuyumbisha bato inaongezeka mara nane. Kwa hiyo tengeneza moja, nyembamba, ilale juu ya mkuku, ule ubao mkubwa wa chini katikati ya bato: urefu senti 100, upana 40, kimo 30, hiyo ni lita 120 kamili. Ndani tia vibati viwili vya kukata wimbi, vimekatwa pembe chini na juu ili mafuta na hewa vipite polepole.

Na tundu lolote chini ya tanki ya esanse, apana. Robine ya kumwagia ao tiyo ya kuunganisha, ile siku joinsi itapasuka lita zote zinashuka kwenye tumbo la bato, na mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, haupandi ukaenda, unalala pale chini kama maji. Unapiga demareri, cheche moja, imekwisha. Tiyo zote zitokee juu. Ya kunyonya ishuke ndani mpaka ibaki senti 2 ao 3 kutoka chini, juu maji na uchafu vinakaaga pale, na sisi hapa tunajua esanse ya makadafi, wale wauzaji wa bidoni barabarani, inafika na nini ndani. Filtiri yenye kutenga maji ni lazima. Pale tiyo inatoka kwenye tanki weka valvu ya kuzuia mafuta yasijivute yenyewe tiyo ikikatika, na robine unayoweza kufunga bila kuinama juu ya motere iliyo moto.

Kuhusu ukubwa umefikiri vizuri. Bukavu–Goma kwa maji ni kama kilomita 100, saa 5 kwa mwendo wako, lita 70. Ongeza nusu yake kwa upepo na kwa kuzunguka kisiwa cha Idjwi kama kuna sababu, unafika 105. Tanki usiijaze mpaka mdomoni, acha sehemu 5 kwa mia tupu, kwa sababu esanse inavimba na jua, kwa hiyo 120 inatosha. Usiongeze.

Pipa la zamani, hapana kabisa, na kwa suderi wako pia nasema. Nilikuwa kijana kwenye atelie moja, tukaletewa tanki "tupu", imekauka wiki mbili juani. Fundi akagusa na shalimo, ule moto wa gesi wa kukatia chuma, mara moja. Kifuniko kilipita juu ya kichwa changu kikatoboa bati la paa, na yeye aliungua mikono yote miwili mpaka kiwiko. Tanki tupu ya esanse ina mvuke, na mvuke njo inalipuka, si mafuta. Chuma kipya kikatwe kipya.

Kama unapata tanki ya plastiki iliyotengenezwa kwa bato na vipimo vyake vinaingia, chukua, haina kutu. Ila inavimba ikishakunywa esanse, kama 2 kwa mia, kwa hiyo kwenye senti 100 acha nafasi ya senti 2, usiibane na mbao pande zote. Bidoni za njano za mafuta ya kula hazikufanywa kwa kazi hii. Alminiamu ya aina 5083, ile ya bato, ya milimita 3 ni nzuri na nyepesi, ila hapa kwetu uwe macho: maji ya Kivu yana magadi, pH yake inazunguka 9, na alminiamu haipendi maji ya vile yakilala juu yake. Akaju iliyolowa ikigusana nayo ni vibaya zaidi. Kwa hiyo isilale kwenye mbao, na usiizungushie povu. Ikalishe juu ya vipande vya plastiki ngumu visivyokunywa maji, umevigandisha na silikoni nzuri ili maji yasiingie katikati, na chini yake mkono upite. Inoksi 316L pia inafaa kama una pesa na suderi anayejua kuichoma.

Tiyo ya kujazia, milimita 38 ndani, mdomo wake uwe inje kwenye ubao wa juu, isiwe ndani ya bato. Tiyo ya kupumulia itoke inje pembeni, juu, na kichujio cha waya. Unganisha mdomo wa kujazia, tanki na motere kwa waya wa umeme, ili ile cheche ya kusuguana isizaliwe wakati wa kujaza. Tia vantilateri inayovuta hewa kutoka chini kabisa, iendeshe dakika 4 mbele ya kupiga motere, na hata hivyo inama kwanza unuse.

Mbele ya kuingiza tanki ndani, ipime. Ziba matundu yote isipokuwa moja, jaza maji mpaka juu, fungia hapo tiyo inayoonyesha, isimame mita 2 juu ya tanki, ijaze nayo pia. Hiyo mita 2 ya maji inakupa 0.2 bar, inatosha. Piga alama jioni, lala, asubuhi angalia: maji yakishuka, kuna fasi inavuja, na ukipaka unga wa choki kwenye michomo utaona palipo lowa.

Na kifuniko cha sakafu kiwe kikubwa kuliko tanki. Nimeona bato ambayo ilibidi wakate ubao wa juu wa miaka 60 ili kutoa tanki ya miaka 6. Ukimaliza zile bidoni niandikie vipimo vya mbele na nyuma, na umbali wa kutoka pua, nitakuchorea fasi ya ukuta na ya vibati.