Maswali ya Wasomaji: Ufito Mkavu au Mlegevu?

SWALI: Ndugu washauri, mjomba ameniletea fito mbili za kuvulia kwa chambo cha manyoya, zote futi 9, namba 8. Mmoja ni mkavu, ukiutikisa inacheza ncha tu. Wa pili unapinda mpaka karibu na mpini. Nataka kolekole wa Msimbati, na siku nyingine nivue humu ghubani. Nianze na upi?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Msimbati nenda na mkavu, kwa ajili ya upepo. Kusi likishika, Aprili hadi Septemba hivi, utakuwa unarusha ukilikabili. Ufito mkavu hupinda theluthi ya juu na kunyooka upesi, kwa hiyo mshipi hutoka kwa kasi na kitanzi chake, yaani mkunjo wake ukiwa angani, huwa chembamba. Mlegevu hufungua kitanzi kipana. Upepo unakidaka na chambo kinakurudia usoni.

Ila mkavu hauna huruma kwa anayejifunza. Chambo cha manyoya hakina uzito wa maana. Kinachoupinda ufito ni mshipi wenyewe, na namba 8, yaani daraja la uzito wake, hupimwa kwa futi 30 za mwanzo (mita 9), takriban gramu 13.6. Ukiwa na mita 4 tu nje ya ncha, ufito unabaki mgumu kama mpini wa jembe, nawe unaanza kusukuma kwa bega. Hapo mshipi hukatiza njia yake wenyewe angani na uzi wa mbele, ule unaofungwa chambo, kujaa mafundo. Toa mita 9 kwanza. Rusha nyuma, geuza shingo uone mshipi umenyooka, ndipo usukume mbele ukiongeza kasi kidogo kidogo, kisha usimamishe mkono ghafla. Kama unavua karibu karibu, funga mshipi namba 9 kwenye ufito huohuo, utapinda mapema.

Mlegevu usiuuze. Asubuhi shwari ghubani, kwa changu wadogo na uzi mwembamba, ni mtamu: samaki akikurupuka, ufito unapinda na uzi haukatiki. Subiri tu zaidi kwenye pigo la nyuma. Kolekole mkubwa usimjaribu nao, atakuingilia miambani kabla hujamwinua.

Na Msimbati imo ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo ulizia kibali kwanza.

SWALI: Natumia mkono wa kulia na chambo kinanipiga sikioni. Nibadili ufito?
Msomaji, Lindi

JIBU: Badili upande. Upepo ukitoka kulia kwako, ipe bahari mgongo: pigo la mbele lielekee nchi kavu, la nyuma ndilo lipeleke chambo majini. Sasa upepo unatoka kushoto na kukisukumia mbali nawe. Kijimwiba cha ndoana kibapaze kwa koleo, na miwani uvae hata siku ya shwari.