Hasara ipi tena, mwanangu?

Swali lenu la wiki hii limenikuta kazini nikacheka peke yangu. Mmeuliza: neno gani moja la Kiingereza linakutesa kila ukitaka kulisema kwa Kiswahili, na kwa nini? Najua wengi watawaletea maneno makubwa makubwa ya kompyuta na sayansi, mi langu ni dogo, herufi nne tu, hata mtoto wa shule ya msingi analijua. Lose.

Nina steshenari Ngamiani hapa Tanga, kwenye hizi barabara zetu za namba. Natoa kopi, nachapa barua, naskani vyeti, nawajazia watu fomu za mtandaoni, na kwa vile nilisoma HKL, yani Historia, Kiswahili na Kiingereza, mpaka fomu sikisi basi mtaa mzima umeshaamua kwamba mi ndo mkalimani, barua yoyote ya Kiingereza inaletwa kwangu. Na hili neno lina tabia ya kutokea siku ambazo watu hawana hamu ya utani.

Mwaka jana kuna mzee mmoja wa Makorora, zamani alikuwa kwenye shamba la mkonge, na huko alishibana na Mwingereza mmoja fundi wa mashine. Yule Mwingereza alisharudi kwao miaka mingi lakini wanaandikiana mpaka leo, na kwa kuwa mzee hana simu ya kupangusa anatumia imeli yangu. Mkewe akafariki. Tukamwandikia rafiki yake kumpa taarifa, na majibu yalipokuja mi sikuwepo, alikuwepo kijana anayenisaidia ambaye Kiingereza chake ni cha kuungaunga, basi akaitupia ile imeli kwenye programu ya kutafsiri, akaprinti, akampa mzee karatasi yake. Jioni narudi namkuta mzee kwenye benchi ananisubiri, hata shikamoo yangu kaiitikia nusu.

"Mwanangu, hebu nisomee hapa."

Nikasoma. Samahani kwa hasara yako.

"Hasara ipi tena, mwanangu? Mimi nimefiwa na mke wangu, sikuwa na biashara naye. Na hiyo samahani ni ya nini, kwani yeye ndo kamuua?"

Nilibanwa na kicheko na aibu kwa pamoja, maana mzee alikuwa sahihi kila neno. Hasara kwetu ni ya dukani, ni gunia la mchele limelowa, ni samaki wameharibika barafu imekwisha, na ukimwita mtoto wa mtu hasara ujue umetukana. Lakini na yule Mwingereza hakukosea, "sorry for your loss" kwao ni pole ya heshima kabisa ya msibani. Sisi tungesema pole na msiba, imeisha, hakuna samahani wala hasara. Nikamweleza mzee akanisikiliza lakini uso ulikuwa bado haujalainika.

Tangu siku hiyo nikawa nalifuatilia hili neno kama mtu anayemdai. Na nilichokiona ni hiki, Kiingereza kikisema "I lost my wife" kinamweka mfiwa kama ndo mtendaji, yani nimempoteza, utadhani nilikuwa nimemshika mkono pale soko la Mgandini nikamwachia kwenye msongamano. Kiswahili hakikubali hivyo. Kinakwambia nimefiwa. Kifo ndo kimefanya, mimi nimefanyiwa. Na angalieni ukoo wake ulivyo mrefu, nimeibiwa, nimepotelewa, nimeishiwa, na mtu akichanganyikiwa tunasema karukwa na akili, akili ndo imeruka yenyewe, yeye masikini kaachwa pale. Yani Kiswahili kabla hakijakupa neno kinauliza kwanza nani kafanya. Kama umefanya wewe kwa uzembe wako, umepoteza. Kama kitu kimekwenda chenyewe, kimepotea. Na kama kimekwenda wewe ukabaki unajipapasa mifuko, umepotelewa. Mwingereza yeye zote tatu anazimaliza kwa lose na lost.

Hata polisi wetu wanalijua hilo. Kazi yangu kubwa siku hizi ni kuwatolea watu losi ripoti mtandaoni, ile hati ya polisi ya kitu kilichopotea, mtu kadondosha kitambulisho cha NIDA, mwingine leseni, mwingine laini ya simu. Swali langu la kwanza kwa kila mtu ni moja, kimepotea au umeibiwa? Kwa sababu kikipotea tunajaza fomu hapa hapa tunaprinti, ila kikiibiwa huo ni uhalifu, nenda kituoni ukafungue jalada upewe RB yako, ile namba ya kumbukumbu ya polisi. Mtu ananijibu "yote sawa tu, si nimekilosti". Si sawa! Kwa Kiingereza ndo inaweza kuwa sawa.

Cha kushangaza nikaja kusoma kwamba Kiingereza chenyewe hakikuwa hivi. Zaidi ya miaka elfu moja nyuma walikuwa na neno losian, maana yake kuangamia, kupotea, kitu kinachofanya chenyewe, na pembeni kulikuwa na neno jingine, leosan, la mtu anayepoteza. Yani walikuwa nayo mawili kama sisi! Baadaye yakavaana yakawa moja, lile la pili likabaki mabaki tu kwenye neno "forlorn", la mtu mpweke aliyetelekezwa. Kwa hiyo wakituchekea kwamba Kiswahili kina viambishi vingi, na wao walikuwa na vyao, wakavi... nawaachia mmalizie wenyewe.

Kwenda kwao neno linasumbua hivyo, na kurudi kwetu pia. Sisi mtu hujamuona siku nyingi unamwambia umepotea sana, na ni neno la upendo kabisa, lina lawama kidogo ndani yake lakini ya mapenzi. Sasa kuna kijana anatembeza wageni kule mapango ya Amboni, siku moja Raskazone akakutana na mzungu aliyewahi kumpeleka mwaka wa nyuma, kamfurahia, kamkimbilia mikono juu, "My friend, you are lost!" Mzungu wa watu kaingiwa na wasiwasi katoa simu kaangalia ramani, anamwambia hapana, hoteli yangu ile pale. Kijana naye anazidi, no no, you are lost too much! Hahaha. Nilikuwepo, nakunywa dafu langu, sikuingilia.

Afu kuna ile "lose your temper". Hii nilifeli nayo shuleni. Tulishaambiwa temper ni hasira, sasa mtu anapotezaje hasira halafu ndo anakasirika? Nilijibu kwamba maana yake ni kutulia, mwalimu akaweka mkasi mkubwa mwekundu. Miaka ikapita ndo nikaelewa kwamba temper ya zamani ilikuwa ni ule uwiano wa ndani, moyo uliotulia, kwa hiyo anachopoteza ni utulivu. Sisi hatupotezi kitu hapo, hasira ndo zinatupanda. Na "lose face" waliitoa kwa Wachina, kupoteza uso, sisi tunasema kuumbuka, na nadhani kuumbuka kunauma zaidi.

Kwenye mpira ndo usiseme. Mi ni Coastal Union damu damu, timu yetu ya hapa Tanga, Wagosi wa Kaya, na ubingwa wa 1988 tutauimba mpaka wajukuu zetu. Mwingereza timu yake ikifungwa anasema "we lost", kimya kimya, kama kadondosha funguo. Sisi hapa ukitoka uwanjani Mkwakwani siku mbaya utasikia tumefungwa, tumelala, tumechapwa, tumenyukwa, na kila neno lina kipimo chake, moja bila huwezi kusema tumenyukwa, utachekwa. Na wale wa kubeti wana lugha yao, mkeka umechanika, mkeka ndo ile orodha ya mechi ulizobetia. Mtu timu tisa zimetiki, ya kumi ya huko Uturuki asiyoijua hata jezi yake imelala dakika ya tisini, mkeka chali. Hapo hajapoteza hela, kaliwa. Tena ni yule yule nani kafanya, kuna mtu kala.

Siku nyingine nawaza, hawa wenye neno lao waliwahi kulionja hapa hapa Tanga. Novemba 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walishusha askari kama 8,000, wengi wametolewa India, upande wa Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000 hivi na wengi wao askari Waafrika. Hesabu inaonekana tu, nani anashinda hapo. Na bado siku chache tu wakarudi melini mbio, wakaacha bunduki na risasi ufukweni, na katikati ya mapigano nyuki nao wakatoka mizingani wakawavamia watu bila kuuliza wa upande gani, ndo maana wengine wanaiita vita ya nyuki. Mji waliuchukua baadaye, 1916. Sasa ukisoma vitabu vyao wanaandika "we lost men", tulipoteza watu. Askari wa watu katolewa India huko, hajui mnazi wa Tanga unafananaje, kafa kwenye shamba la mtu, halafu unaambiwa kapotea. Na huu ugonjwa umeshatuingia, siku hizi redioni utasikia watu kadhaa wamepoteza maisha kwenye ajali, utadhani walikuwa wameyaweka mfuko wa nyuma. Bibi yangu redio ikisema hivyo alikuwa anaisahihisha kwa sauti: wamekufa! Mi najua lugha inakua, ila hili sitalizoea.

Kuna na suala la kuandika. Watu wanaoniletea barua za Kiingereza, hata wenye digrii, wanachanganya lose na loose. Hili nimelitafutia dawa na naitoa bure. Mnaijua ile ya kumkemea shetani, ushindwe na ulegee? Basi humo humo yamo yote mawili kwa mpangilio. Ushindwe ndo lose, ulegee ndo loose. Na linaloandikwa kwa o mbili ni la pili kwa sababu kitu kilicholegea kina nafasi, hata herufi zimepata pa kujinyoosha. Matamshi sasa yako kinyume na akili, lose mwisho wake inasikika z, luuz, na loose ndo ina s. Msiniulize kwa nini halifanani na rose wala nose, hayo waulizeni wenyewe.

Kupungua mwili nalo nilitaka kuliacha ila dada yangu kanisukuma nilitaje. Anafuata hizi kurasa za mazoezi, wanaandika poteza kilo kumi kwa mwezi. Akaniuliza, nikizipoteza si kuna mtu ataziokota? Zamani hapa pwani ukimwambia mtu umepungua anashtuka anauliza naumwa? Leo anakushukuru. Saa ya ukutani dukani kwangu nayo kwa Kiingereza "inapoteza" dakika tano kila siku, kwa Kiswahili inachelewa tu kama fundi wake.

Basi nirudi kwa mzee. Baada ya wiki alikuja tukaandike majibu. Nilikuwa nimeshamwandalia sentensi nzuri za Kiingereza, asante kwa salamu zako za faraja na kadhalika, namsomea kwa Kiswahili anatikisa kichwa, sawa, sawa. Tulipofika mwisho akasema ngoja, ongeza.

"Mwambie mimi sijampoteza mtu. Mama Asha tumemzika wenyewe, pale pale kwa wazee wake, najua alipo, na Ijumaa nilikwenda."

Nikamuuliza, baba, hii niiweke kwa Kiingereza? Nilishaanza kuchapa nikafika kwenye lile neno nikasimama, nafuta naandika, nafuta naandika. Akaniangalia akasema kiache hivyo hivyo Kiswahili, yule alikaa Tanga, atajua mwenyewe. Nikabofya kutuma. Akatoa buku, nikamrudishia mia tano, akapanda baiskeli yake akaenda zake Makorora.