Herzgespann kwa moyo unaokwenda mbio: kapime kwanza, chai baadaye

Wanawake wengi wa rika langu wanalijua hili. Unakaribia miaka hamsini, hedhi inaanza kuruka miezi, na usiku wa manane moyo unaanza kwenda mbio bila sababu. Umelala tu, hujapanda ngazi wala hujagombana na mtu. Mimi lilinikuta hapa Leipzig, Ujerumani, nikifanya zamu za usiku za kutunza wazee. Mwenzangu kazini, mama wa Kirusi kutoka Kazakhstan, ndiye aliyenitajia mmea ambao kwao ni dawa ya kawaida ya nyumbani. Warusi huuita pustyrnik, Wajerumani Herzgespann, na jina lake la kisayansi ni Leonurus cardiaca. Nimeutumia na umenifaa. Lakini dada yangu, kabla hujatoa hata senti moja kuununua, nenda kapimwe moyo.

Nasisitiza hivyo kwa sababu moyo kwenda mbio una vyanzo vingi. Unaweza kuwa upungufu wa damu, jambo la kawaida sana kwa mwanamke anayetokwa na hedhi nzito. Inaweza kuwa tezi ya shingo inayotoa homoni kupita kiasi. Yanaweza kuwa mapigo yaliyopoteza mpangilio, ambayo yakiachwa huweza kuleta kiharusi. Daktari wangu alinipima ECG, kipimo cha umeme wa moyo, akachukua damu, akanivalisha kifaa kidogo cha kurekodi mapigo kwa saa 24. Majibu yalipotoka safi, ndipo tukazungumza habari za chai. Shirika la Dawa la Ulaya nalo limeweka sharti hilohilo: mmea huu unakubaliwa kwa msongo wa mawazo na moyo kwenda mbio kutokana na wasiwasi, baada ya daktari kuhakikisha hakuna ugonjwa mkubwa. Tena kibali hicho kimesimama juu ya mazoea ya miaka mingi ya watumiaji, si juu ya majaribio makubwa ya hospitali. Na ukisikia maumivu ya kifua, ukakosa pumzi au ukazimia, usichemshe maji. Kimbilia hospitali.

Nilinunua majani makavu kwenye duka la dawa, yakapimwa mbele yangu na kutiwa kwenye mfuko wa karatasi. Ukiyamwaga kiganjani utaona vipande vya shina lenye pembe nne, lenye uwazi katikati, na vikombe vya maua vyenye meno makali yanayochoma vidole. Hizo pembe nne ni alama ya ukoo wake, ukoo wa mnanaa na mrehani. Ila usitegemee harufu ya mnanaa, kwa maana mafuta yake ya kunukia ni machache mno. Kinachokupokea ni uchungu, nao unakaa nyuma ya ulimi muda mrefu baada ya kumeza.

Uchungu huo unatokana kwa sehemu kubwa na kundi la kemikali ziitwazo iridoidi, pamoja na diteripeni. Ndani yake kuna pia tanini, zile zinazoukausha mdomo kama chai ya rangi iliyokolea, na flavonoidi, kundi jingine la kemikali za mimea, kama rutini na hiperosidi. Kitabu rasmi cha viwango vya dawa cha Ulaya kinataka majani makavu yawe na flavonoidi zisizopungua asilimia 0.2, zikipimwa kama hiperosidi. Kwa hiyo nanunua mahali ambapo mzigo umepimwa, wala si unga usio na lebo kutoka mtandaoni. Kuna pia kemikali ya kundi la alkaloidi iitwayo stakidrini, ambayo huyeyuka vizuri katika maji na hivyo huingia kwenye chai. Asidi ya ursoliki haiyapendi maji, hiyo hutoka zaidi mmea ukilowekwa kwenye pombe. Ndiyo maana matone ya dukani na chai si kitu kimoja hasa, ingawa mmea ni uleule. Matone yana pombe, nami ni Mwislamu, basi nikashika chai.

Utafiti ulionivutia zaidi ulifanyika hapahapa Leipzig, ukachapishwa mwaka 2010. Watafiti walipitisha dondoo iliyosafishwa, yaani kiini kilichokamuliwa kutoka kwenye mmea huu, kwenye mioyo ya sungura iliyotolewa mwilini, wakaona inazuia kalsiamu kuingia kwenye chembe za moyo na inapunguza mkondo wa umeme unaoanzisha mapigo. Ni maabara, na dondoo ile si kikombe changu cha chai. Warusi nao mwaka 2011 walitoa taarifa ya wagonjwa 50 wa presha wenye wasiwasi na kukosa usingizi, waliotumia dondoo ya mafuta ya mmea huu kwa siku 28, na wengi wakapata nafuu. Hapakuwa na kundi la kulinganishwa nao, kwa hiyo mimi naupokea kama dalili njema tu.

Hiyo habari ya kalsiamu ndiyo inayonifanya niwe mkali kwa jamaa. Mama mdogo wangu wa Tanga aliposikia, akanipigia: “Mwanangu, nitumie hayo majani, na mimi moyo unanidunda.” Nikamwambia, “Shikamoo mama, kwanza nisomee vidonge unavyomeza.” Akanisomea: amlodipini. Amlodipini hushusha presha kwa kuzuia kalsiamu vilevile. Sikutuma. Nilimwomba apeleke vidonge vyake kliniki na aeleze huo mdundo, na huko wakampima upya presha na wingi wa damu. Anayemeza warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), dawa za usingizi au dawa za mapigo ya moyo naye aulize kwanza kwa daktari. Mjamzito na anayenyonyesha wauache kabisa. Tangu zamani wanawake wameutumia kuleta hedhi, na ndugu yake wa China, Leonurus japonicus, ana leonurini, kemikali inayokaza misuli ya mfuko wa uzazi. Wauzaji wengi huandika leonurini kwenye pakiti za mmea wa Ulaya, ilhali sifa zake zimechunguzwa hasa kwa huyo wa China. Soma jina la kisayansi kwenye lebo, herufi kwa herufi.

Ninavyotumia: kipimo kilichowekwa na tume ya mitishamba ya Ujerumani ni gramu 4.5 kwa siku nzima. Nazipima kwa mizani ya jikoni, nazigawa vikombe vitatu, namwagia maji yaliyochemka, nafunika dakika kumi, nachuja. Asali haiuondoi uchungu, inaupooza kidogo. Si dawa ya kutuliza papo hapo. Nafuu ilikuja polepole, wiki baada ya wiki, na katika kipindi hicho nilikuwa nimeacha pia kahawa ya zamu za usiku, ambayo bila shaka ilichangia.

Wa nyumbani wanaoniuliza kama mmea wenye maua ya rangi ya machungwa, yanayokaa kwenye vipira vyenye miiba kandokando ya mashamba, ndio huu: hapana. Huo ni Leonotis nepetifolia, wa ukoo huohuo, wenye shina la pembe nne vilevile, lakini kemikali zake ni nyingine na kipimo nilichokitaja hakiuhusu. Msiuchemshe kwa maelezo yangu.