Gari kuchemsha Mlima Kitonga

Ndugu, kama mshale wa joto hupanda kila ukipandisha Kitonga, mkoani Iringa, kutokea Ruaha Mbuyuni, zima AC, fungua hita hadi mwisho, shusha gia. Ukikaribia nyekundu, egesha pembeni na uweke pembetatu nyuma.

Tafadhali usifungue kifuniko cha rejeta (kipoza maji ya injini) injini ikiwa moto! Presha itakurushia maji yanayochemka usoni. Subiri angalau nusu saa, kisha bonyeza mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa umelegea na kupoa, fungua taratibu kwa kitambaa. Mimina maji kidogo kidogo, kwani ya baridi kwa mkupuo yanaweza kupasua silinda hedi (sehemu ya juu ya injini).

Feni ya umeme haizunguki? Anza na fyuzi na rilei (swichi inayowasha feni). Maji yakipungua tena bila kuvuja nje, huenda gasketi ya hedi, inayoziba kati ya hedi na injini, imeungua: ita gari la kuvuta.