Kabla ya kulipa ada, muulizie mshauri wa vyuo

Binti yetu mkubwa alipokaribia darasa la tisa hapa Maryland, Marekani, mimi na mama yake tulizunguka shule binafsi tatu. Tuliyoichagua ilikuwa na nembo ya NACAC kwenye kijitabu chake. Mimi nimesoma Tanga, ambako alama za kidato cha sita ndizo zilizosema kila kitu, basi nembo ile nikaichukulia kama muhuri wa serikali.

Sivyo. NACAC ni chama cha washauri wa shule na maofisa wa udahili wa vyuo, kilichoanzishwa mwaka 1937. Shule hulipia uanachama na kukubali kufuata maadili ya chama. Faida ipo, maana mshauri hupata mafunzo na hujuana na watu wa vyuoni. Lakini chama hakikagui shule wala hakiipi ithibati.

Mshauri wa binti yetu, yaani yule wa shuleni anayemwongoza mtoto kuomba vyuo, alikuwa pia na vipindi vya kufundisha. Alikaa naye mara mbili tu, kisha akamshauri aombe chuo kimoja kwa mpango wa Early Decision. Fomu ile ina sahihi tatu: ya mtoto, ya mzazi na ya mshauri, na ukikubaliwa umefungwa kwenda. Jibu lilikuja Desemba, amekubaliwa, ila msaada wa fedha ukawa mdogo kuliko tulivyoweza kumudu. Wiki mbili hatukulala. Hakuna aliyetuambia kwamba msaada usipotosheleza, mwombaji anaweza kuomba aachiliwe; nililisikia kwa jirani mmoja msikitini. Tulipojinasua, vyuo vingi vilikuwa vinafunga maombi mwanzoni mwa Januari.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukifika shuleni usiulize kama ni wanachama. Uliza mshauri mmoja ana wanafunzi wangapi wa mwaka wa mwisho, na kama kazi yake ni hiyo tu. Uliza anaanza kukutana na wazazi darasa la ngapi. Omba uone wasifu wa shule, ule unaotumwa vyuoni pamoja na matokeo ya mtoto. Shule iliyojipanga itakupa hapo hapo. Na kabla hujatia sahihi yoyote, fungua kikokotoo cha gharama kwenye tovuti ya chuo husika. Sheria ya Marekani imevitaka vyuo viwe nacho tangu 2011. Kama huna uwezo wa shule binafsi usikate tamaa: maonyesho ya vyuo ya NACAC hayana kiingilio, na mwanafunzi wa shule yoyote anaingia.

Mdogo wake sasa yuko darasa la kumi, shule nyingine. Mwezi uliopita mshauri alituita, akauliza nyumbani tunaongea lugha gani na kijana anafanya nini Jumamosi. Nikamwambia humpeleka bibi yake kliniki na kumtafsiria kwa daktari. Mshauri yule alichukua daftari lake, akaandika.